Shangazi, pima maji ya paka kabla hujasema amezeeka

Shangazi, shikamoo.

Habari za paka wako nimezipata: kakonda, bakuli la maji halimtoshi, na siku hizi hapandi tena ukutani kuwangoja wavuvi wa Mikindani warudi. Ukamalizia kwamba kazeeka tu, na maji anakunywa kwa sababu ya joto. Hapo kwenye "kazeeka tu" ndipo ninapotaka tubishane kidogo, na ninaandika hadharani kwa kuwa wenye paka wazee huku kusini ni wengi na maneno yao ni hayo hayo.

Miaka 13 aliyonayo, kwa paka ni uzee kweli, kama mtu wa miaka 68 hivi. Lakini uzee unampunguzia mbio. Haumli robo ya mwili wake kwa miezi mitatu, wala haumfanyi anywe maji kama mbuzi. Na usimwangalie usoni ukitafuta jibu, maana paka anaficha maradhi mpaka dakika ya mwisho. Mfano ni figo: siku mkojo wake unapoanza kuwa mwepesi kama maji, takriban theluthi mbili ya kazi ya figo imeshapotea, na bado atakuja kujisugua miguuni mwako kama kawaida.

Kwa hiyo tupime. Kesho asubuhi mfungie ndani, maana akitoka atakunywa kwenye ndoo za bafuni na mtaro wa jirani na hesabu yote itaharibika. Chukua chupa ya nusu lita, mimina maji yote kwenye bakuli lake. Weka bakuli jingine la ukubwa ule ule na maji yale yale, ulifunike kwa kawa ya kuzuia nzi ili asilifikie. Hilo litakuonyesha kiasi kinachokauka chenyewe kwa joto la Mtwara. Kesho yake saa ile ile rudisha maji yaliyobaki kwenye chupa, toa na yale yaliyokauka. Fanya hivyo siku tatu. Paka wa kilo 3 na nusu akinywa hadi mililita 175 kwa siku hana neno. Akipita 350, yaani zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo, ni mgonjwa, joto lisingiziwe mengine. Katikati ya hapo ana mashaka, hasa kama chakula chake ni samaki wa kuchemsha, ambaye tayari ana maji mengi.

Uzito nao. Mtie kwenye tenga la kuku, pima dukani kwenye mizani ya kielektroniki, kisha pima tenga tupu na utoe. Mizani ya magunia ya korosho usiiguse, haioni gramu 100. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400 ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza 7. Pima kila baada ya wiki mbili na uandike kwenye daftari. Ukimpapasa mgongoni na vidole vikahesabu mifupa ya uti mmoja mmoja, amekwisha kupungua nyama, hata kama tumbo bado linaning'inia.

Maradhi ya paka mzee yanayoleta kiu kubwa, yale ya kawaida, ni matatu. Figo: anakunywa na kukojoa sana, hamu ya kula inashuka, anatapika povu, na mdomo unanuka kama mkojo uliolala. Kisukari: anakula vizuri tena kwa pupa, huku anakonda, akizidiwa, miguu ya nyuma inalegea na anatembea akikanyaga visigino badala ya vidole. La tatu ni tezi ya thairoidi, ile ya kooni, inapofanya kazi kupita kiasi: naye anakula na kukonda, lakini huyu hatulii, usiku analia kwa sauti ya ajabu, na moyo unakwenda mbio chini ya kiganja chako. Ukiyasoma hivi yanaonekana yametengana. Kwenye paka mmoja mzee yanaweza kukutana mawili, ndiyo maana hatukisii, tunataka damu na mkojo vipimwe.

Mdomo uangalie wewe mwenyewe, mchana, karibu na dirisha. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Ufizi uwe wa waridi. Ukiubonyeza unakuwa mweupe, rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ufizi mweupe muda wote ni upungufu wa damu, wa njano ni ini au damu inayovunjika, unaonata kidoleni ni ukosefu wa maji mwilini. (Kuvuta ngozi ya shingo, kama wanavyofanya kwa mbuzi, kwa paka mzee kunadanganya: ngozi imeshalegea kwa umri.) Akiinamisha kichwa upande mmoja anapotafuna, akadondosha dagaa chini, akatoa udenda, ni meno. Hakuikataa dagaa yako, meno yanamuuma.

Na kwa kuwa anaishi pwani, tazama chini ya ulimi. Paka wanaokula matumbo ya samaki humeza mshipi wa kuvulia. Ncha moja hujizungusha kwenye shina la ulimi, nyingine inashuka utumboni, na utumbo unajikunja juu yake kama kitambaa juu ya uzi wa cherehani. Ukiuona mshipi, mdomoni au unatokeza nyuma, usiuvute hata kidogo. Ukivuta unaukata utumbo. Huyo ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo.

Sasa dawa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, unisamehe. Panado usimpe. Ini la paka halina njia ya kuisafisha, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka kahawia au bluu, uso na nyayo zinavimba. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni zinamalizia figo zilizokwisha choka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inamtia mitetemeko. Dawa ya kuogeshea mifugo nayo iache kwa ng'ombe. Wala usimnyweshe maji kwa nguvu kwa sirinji, yanaingia mapafuni.

Chakula: ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, sitisha, chumvi yake ni nyingi mno. Dagaa wakavu na mifupa yao wana fosforasi nyingi, na figo mbovu haziwezi kuitoa. Samaki mbichi kila siku nao wengi wana kitu kinachoharibu vitamini B1; paka huanza kuyumba na kuinamisha kichwa kifuani. Mchemshie kuku au samaki bila chumvi, toa mifupa, mpe kidogo kidogo mara nne au tano, kikiwa vuguvugu ili harufu imwite. Ugali ni wa kwako, yeye ni mla nyama.

Asipokula kabisa saa 24, piga simu. Zikifika 48, hasa kama ni mnene, mafuta yanaanza kujaa ini na kumrudisha ni kazi ngumu. Kuna mengine hayangoji hata asubuhi: dume anayechuchumaa na kujikamua bila mkojo kutoka (watu humpa mafuta ya kula wakidhani amefunga choo, kumbe njia ya mkojo imeziba na sumu inapanda), kuhema mdomo wazi, upofu wa ghafla, na miguu ya nyuma kupooza ghafla ikiwa ya baridi huku analia, ambayo wengi husema kagongwa na bodaboda, kumbe ni bonge la damu limeziba mshipa mkubwa.

Kuhusu daktari. Bwana mifugo wa kata kazi yake ya kila siku ni kuku, mbuzi na chanjo ya mbwa, usimlaumu. Mwombe akuelekeze kwa daktari wa mifugo mwenye shahada, aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Usiende na "hali chakula." Nenda na daftari: maji mililita ngapi, uzito wa lini na lini, katapika mara ngapi na nini, dawa gani kapewa. Mwombe apime damu kwa kreatinini (taka ambayo figo huitoa) na sukari, na mkojo. Woga peke yake unapandisha sukari ya paka, kwa hiyo kipimo kimoja cha juu si hukumu. Sukari ikionekana na kwenye mkojo ndipo jambo lina uzito. Kama vipimo havipo, Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Mtwara. Muulize daktari sampuli ipi inaweza kupokelewa pale.

Mkojo unaupata hivi: beseni lililooshwa na kukaushwa, ndani changarawe ndogo zilizooshwa badala ya mchanga, maana mchanga unanyonya. Akikojoa, inamisha beseni, vuta kwa sirinji mpya, tia kwenye kichupa cha duka la dawa. Si kichupa cha asali, utampa kisukari asichokuwa nacho. Ufike ndani ya saa mbili.

Safari ni alfajiri, kabla jua halijakaza. Tenga lile lile la mizani, ndani kanga yako ya zamani isiyofuliwa, juu ulifunike na nyingine. Panda bajaji, uliweke sakafuni katikati ya miguu, na kiroba usikifikirie.

Siku ya nne nitakupigia. Nitajie namba tatu za maji na moja ya uzito.

Mwanao