Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Nani ameshika kisu?

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mhasibu, mama wa mapacha, na nimefanyiwa upasuaji wa urembo. Hilo la mwisho nalitaja mapema makusudi, maana barua za namna hii mara nyingi huandikwa na wanaotaka upasuaji huu upigwe marufuku, au na ndugu wa marehemu. Mimi ni mzima, tumbo langu nalipenda, sijutii. Kinachonifanya nishike kalamu ni kwamba kabla ya kufika kwa daktari aliyenipasua, nilivaa gauni la upasuaji kwa mtu mwingine ambaye hakusomea kazi hiyo, na hakuna sheria aliyokuwa anaivunja.

Mapacha walikuwa wametimiza miaka miwili, na tumbo langu bado lilikuwa limetoka kama la ujauzito wa miezi mitano. Watu walikuwa wananipisha kiti. Nilichoka kueleza. Nikaanza kutazama matangazo kwenye simu, nayo simu ikishajua unachotafuta haikupi nafasi ya kupumua. Nikaenda kwenye kliniki moja, ambayo jina lake sitalitaja.

Aliyenipokea hakuwa daktari. Alikuwa dada mwenye koti jeupe na kishikwambi, cheo chake “mshauri wa wateja”. Alinitazama nikiwa nimesimama, nimevaa nguo zangu zote, akasema: “Wewe ni wa kunyonya mafuta tu, shosti. Saa mbili, unarudi nyumbani kwa miguu yako.” Nikilipa kianzio siku ileile ningepunguziwa bei. Tumbo lenyewe hakuligusa. Nikalipa.

Daktari nilimwona wiki iliyofuata, siku yenyewe ya upasuaji, nikiwa nimeshavaa lile gauni linalofungwa kwa nyuma na sindano ya dripu imeshaingia mkononi. Alinisalimia vizuri, akanipa fomu ya ridhaa ya kurasa nne, pamoja na kalamu. Sasa Mheshimiwa, kazi yangu ni kusoma karatasi. Sitii saini nisichokisoma, hata kama mtu amesimama ananisubiri. Nikiwa ukurasa wa pili macho yakanipanda ukutani. Palikuwa na vyeti vitatu kwenye fremu za rangi ya dhahabu. Cha kwanza kilikuwa shahada ya udaktari, halali kabisa. Cha pili kilithibitisha kwamba alihudhuria mafunzo ya siku mbili ya kunyonya mafuta. Cha tatu kilikuwa cha shukrani, kutoka kwa wanaouza mashine.

Nikamuuliza: “Dokta, ubingwa wako ni wa nini?”

“Mimi ni daktari wa upasuaji wa urembo.”

Nikauliza tena, ubingwa wa upasuaji aliusomea wapi. Akacheka kidogo, akasema nisiwe na wasiwasi, ameshafanya mamia. Nikaomba nitolewe sindano. Kianzio sikurudishiwa hadi leo.

Nimelirudia jibu lake mara nyingi kichwani. Hakunidanganya. Ana leseni ya udaktari, anapasua, anafanya urembo. Ukiyaunganisha hayo matatu unapata “daktari wa upasuaji wa urembo”. Ni jina ambalo mtu anajipa mwenyewe asubuhi na kulichapisha mchana. Daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki, kwa upande mwingine, akishamaliza shahada ya kwanza hurudi kusoma miaka mingine mitano au zaidi akiwa chini ya mabingwa waliomtangulia, akashika kisu huku mtu anamtazama mkono. Kwa mgonjwa aliyekaa kwenye kiti cha mapokezi, majina hayo mawili ni kitu kimoja. La kwanza hata linavutia zaidi.

(Plastiki hii, kwa wasiojua, si ile ya ndoo. Neno limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake inakaribiana na kufinyanga. Shangazi yangu aliamini kabisa kwamba nimewekewa nailoni tumboni.)

Fani yenyewe haikuanzia kwenye urembo. Harold Gillies, ambaye wengi humtaja kama baba wa upasuaji huu wa kisasa, alikuwa akiwashona nyuso askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliorudi bila pua wala taya, katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Mpaka leo anayesomea ubingwa huu anapitia walioungua, watoto waliozaliwa na mdomo sungura, vidole vilivyokatwa na mashine. Ndiko anakojifunza namna damu inavyofika kwenye kipande cha ngozi kilichohamishwa, na nini cha kufanya isipofika. Tumbo likishakatwa, siku ya tatu ngozi iliyo chini ya kitovu ikaanza kuwa nyeusi, huyo anajua anachokiona. Mwenye cheti cha siku mbili atakuambia upake mafuta.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni dogo: yalindeni majina. Australia walikuwa na tatizo hilihili. Mwaka 2023 wakabadilisha sheria, na sasa daktari asiye na usajili wa ubingwa unaohusika na upasuaji haruhusiwi kujiita mpasuaji, hata akitanguliza neno “urembo”. Mwaka huohuo bodi yao ya madaktari ikaweka kanuni: mgonjwa apewe rufaa, ikiwezekana na daktari wake wa kawaida, aonane na watoa huduma angalau mara mbili kabla ya kupasuliwa, fomu ya ridhaa isisainiwe siku ya kwanza, na baada ya kuisaini zipite angalau siku 7 kabla ya kupanga tarehe au kupokea kianzio. Niliposoma hicho kipengele cha kianzio nilicheka peke yangu ofisini.

Naomba nikueleze na yaliyonikuta kwa daktari wa pili, kwa sababu nadhani ofisi yako inafikiri tatizo ni makovu na vifo tu. Kuna na tatizo la watu kuuziwa operesheni isiyo yao.

Huyu alinilaza chali, akaniambia ninyanyue kichwa kidogo kama ninayetaka kuamka, akaweka vidole juu ya kitovu. Kisha akachukua mkono wangu akaniwekea vidole vyangu mwenyewe palepale. Vitatu vilizama. Katikati ya tumbo palikuwa na bonde, kama zipu iliyoachia. “Mafuta hapa si mengi,” akasema. “Misuli imeachana wakati wa ujauzito, na ngozi imelegea. Ukinyonywa mafuta, utabaki na tumbo lilelile na ngozi inayoning'inia zaidi.” Kunyonya mafuta, akanieleza, ni kwa mafungu ya mafuta yaliyokataa kuondoka kwa mtu ambaye uzito wake umeshatulia na ngozi yake bado inajivuta. Si dawa ya kupunguza uzito, na misuli haiigusi. Mimi nilihitaji misuli ishonwe pamoja na ngozi iliyozidi ikatwe. Ni operesheni kubwa zaidi, yenye nusukaputi, na inaacha kovu kutoka nyonga hadi nyonga.

Halafu akakataa kunifanyia. Akanituma kwanza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akataka uzito utulie miezi sita, akauliza kama nimemaliza kuzaa, kwa kuwa mimba nyingine ingeweza kuibomoa kazi yote. Akauliza kama navuta sigara, maana nikotini huibana mishipa midogo ya damu na kidonda hukosa chakula; wanaovuta huambiwa waache wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa uchache. Akauliza kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango na kama kuna ndugu yeyote aliyewahi kuganda damu mguuni. Akaangalia kovu langu la upasuaji wa uzazi kuona kama mwili wangu una tabia ya kuotesha makovu yaliyoinuka, jambo linalotupata zaidi sisi wenye ngozi nyeusi. Mwishoni akauliza nani hasa anataka tumbo hili libadilike, mimi au mtu mwingine. Nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu, naye hakuniharakisha.

Picha alizonionyesha zilikuwa na kovu lililopanuka na kidonda kilichofunguka wiki ya pili. Kule kwingine picha zote zilikuwa za watu wanaocheka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: wewe ndiye mwenye uwezo wa kukidhibiti hicho kinachojitembeza kwenye simu za mabinti wa miaka kumi na sita.

Miezi minane baadaye nilipasuliwa. Wiki mbili za kwanza nilitembea nimeinama kama anayetafuta sindano sakafuni, mirija miwili ikitoa majimaji yenye damu kwenye vichupa vilivyoning'inia kiunoni, nimefungwa mkanda unaobana hata usingizini. Hakuna kilichonishangaza. Yote niliambiwa.

Kuna operesheni ambapo kutojua kunaua moja kwa moja. Ya kuongeza makalio kwa mafuta ya mwili wako mwenyewe inasikika kama jambo la salama, kwa kuwa hakuna kitu kigeni kinachoingizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutokana na majibu ya madaktari wapasuaji ulikadiria kwamba kifo kingeweza kutokea mara 1 katika kila operesheni 3,000 hivi, kiwango cha kutisha kwa mtu aliyeingia akiwa mzima. Sababu ilikuwa kina unakofika mrija unaosukuma mafuta. Mafuta yakisukumwa ndani ya msuli, ambako kuna mishipa mikubwa ya damu, mshipa ukitoboka yanaingia na kusafiri hadi moyoni na kwenye mapafu, na mgonjwa anaweza kufia palepale mezani. Mwaka uliofuata vyama vya mabingwa vilitoa onyo: mafuta yabaki chini ya ngozi, yasiguse msuli. Tofauti ya kuishi na kufa iko kwenye sentimita chache ambazo mpasuaji hazioni, anazihisi kwa mkono. Utaniambia mkono huo unafundishwa kwa siku mbili?

Sindano za usoni nazo zimeachwa kama bidhaa za saluni. Kijazio, yaani kile kinachochomwa kujaza mikunjo au midomo, kikiingia kwenye mshipa wa damu karibu na pua au katikati ya nyusi kinaweza kumpofusha mtu. Kile cha asidi ya hayaluroniki kina dawa ya kukiyeyusha, mradi anayechoma anayo karibu na anajua kuitumia. Silikoni ya maji haina dawa ya kuiyeyusha.

Na matiti. Vipandikizi vya silikoni havitengenezwi vidumu maisha yote. Anayewekwa leo ajue huenda akarudi mezani. Mwaka 2010 Ufaransa iliviondoa sokoni vipandikizi vya kampuni ya PIP baada ya kubainika kwamba vilijazwa silikoni ya viwandani, isiyoruhusiwa kwa tiba. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Wakati huo vilikuwa vimeshauzwa katika nchi nyingi, na wako wanawake waliohangaika kujua tu wamebeba vipandikizi vya aina gani vifuani mwao. Kwa hiyo naomba pia daftari la vipandikizi: aina, namba, tarehe, mgonjwa, mpasuaji. Na mgonjwa apewe kadi yake. Gari lina kadi, Mheshimiwa.

Yanayobaki ni ya utekelezaji. Orodha ya mabingwa iwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuifungua kwa simu akiwa bado amekaa mapokezi: jina, ubingwa, mwaka wa usajili, adhabu kama zipo. Anayetaka kupasua watu apasue mahali palipokaguliwa, akiwa na daktari wa usingizi anayemwangalia mgonjwa muda wote na si yeye mwenyewe kushika kisu huku akiongeza ganzi. Hata dawa ya ganzi ikizidi kipimo hufika moyoni. Pawe na hospitali iliyokubali kwa maandishi kumpokea mgonjwa mambo yakiharibika usiku. Na mtu wa kuuza asiruhusiwe kumwambia mgonjwa operesheni gani inamfaa. Hilo la mwisho nadhani linaweza kutekelezwa kwa waraka tu, bila kusubiri Bunge.

Mpaka hapo yatakapofanyika, wanaoisoma barua hii wakiwa na miadi wiki ijayo wana maswali machache ya kuuliza, na wayaulize wakiwa wamevaa nguo zao: ubingwa wako umesajiliwa wapi, wewe mwenyewe ndiye utakayenipasua, nani atanilaza usingizi, umefanya ngapi za aina hii na ngapi umelazimika kurudia, nikitokwa damu saa nane ya usiku nampigia nani. Daktari wangu aliyajibu yote bila kubadilika uso. La kurudia alilijibu kwa idadi.

Wiki iliyopita tangazo la kliniki ile ya kwanza lilinijia tena kwenye simu. Daktari ni yuleyule, na ukuta ni uleule wenye fremu za dhahabu. Chini ya jina lake sasa wameongeza neno “bingwa”.

Jina na anwani yangu viko kwenye nakala niliyoiacha masijala ya ofisi yako.

Wako mwaminifu,
Mama wa mapacha