Mvule usipandwe peke yake

Mhariri,

Naandika kuhusu kampeni za kupanda mvule, mti wa milango ya Zanzibar na majahazi, ambao mbao zake hustahimili mchwa. Kasoro ni kuujaza shamba zima, tena juani. Mdudu mdogo aitwaye Phytolyma hutaga mayai kwenye machipukizi. Vinundu hutokea, hupasuka, kisha kuvu huozesha ncha na mche hudumaa au hufa. Miche ifunikwe chandarua kitaluni, halafu ichanganywe shambani na miti ya kivuli chepesi.

Halmashauri zinazotoa vibali vya kuvuna nazo zibakize miti jike. Mvule una dume na jike (wengi hawalijui hili), na jike likikatwa popo hawana tunda la kula wala mbegu ya kusambaza.

Mkuza miche,
Muheza