Anwani ya IP Haitoshi Kuwa Kitambulisho cha Kifaa

Wateja wetu wengi hutuuliza kwa nini kazi wanayoifanya kwenye seva ya ofisi hukatika mara tu kompyuta mpakato inapotoka kwenye Wi-Fi na kuingia kwenye data ya simu, ilhali intaneti ipo na ina kasi ya kutosha. Chanzo ni kwamba anwani ya IP, yaani namba ambayo kifaa hupewa kinapoingia kwenye mtandao, imebebeshwa kazi mbili: ruta huisoma ili kujua pakiti (vipande vidogo vya data) zipelekwe wapi, na programu huitumia kumtambua aliye upande wa pili. Itifaki ya TCP, yaani kanuni za mawasiliano zinazotumiwa na programu nyingi za intaneti, ambayo maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 1981, huutambua muunganisho kwa anwani na namba za poti (zinazoonyesha programu husika) za pande zote mbili. Kifaa kikipewa anwani mpya, seva haina namna ya kujua kwamba ni kilekile cha dakika iliyopita.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni usalama. Ofisi nyingi huiruhusu anwani fulani kuingia kwenye mfumo zikiamini kwamba zimemruhusu mfanyakazi fulani, kumbe nyuma ya anwani hiyo moja huenda vimejificha vifaa kadhaa vinavyotumia ruta ileile, na kesho mtoa huduma anaweza kumpa mtu mwingine kabisa anwani hiyohiyo. Orodha ya anwani zilizoruhusiwa hulinda mahali, haimtambui anayeingia.

Wahandisi wameushughulikia mkanganyiko huu kwa miaka mingi. Itifaki ya HIP hukipa kifaa utambulisho unaotokana na ufunguo wake wa umma (msimbo unaoweza kuonwa na wote, wenye mwenzake wa siri unaobaki kwenye kifaa), na anwani ikabaki kuonyesha kilipo tu. Itifaki nyingine, QUIC, iliyosanifishwa mwaka 2021, huupa muunganisho namba yake yenyewe ili usife anwani inapobadilika.

Sisi hutumia WireGuard, programu ya VPN inayounda njia salama kati ya kifaa na seva. Kila kifaa hutengeneza jozi ya funguo, ule wa siri ukabaki humo humo, na seva hukijua kwa ufunguo wa umma uliofungamanishwa na anwani ya ndani (inayotumika ndani ya njia hiyo tu) isiyobadilika. Pakiti iliyothibitishwa ikifika kutoka anwani mpya ya nje, seva huanza kujibu huko, na programu zinazotumia anwani ya ndani huendelea baada ya kusita kidogo. Ni lazima, hata hivyo, seva yenyewe ipatikane kwenye anwani inayojulikana, kwa sababu pande zote mbili zikihama kwa wakati mmoja hakuna itakayojua pa kuitafuta nyingine.

Tunasisitiza pia kwamba ufunguo hutambulisha kifaa, si mtu aliyekishika, kwa hiyo nywila na uthibitisho wa hatua mbili vinabaki palepale. Kompyuta ikipotea, tujulishe mara moja tuufute ufunguo wake kwenye seva. Vifaa vingine vyote vitaendelea kufanya kazi bila kubadilishiwa chochote.