Risala ya Klabu ya Muziki kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Utamaduni wa Wilaya. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kutusikiliza. Karibu sana.

Muhula huu tulisikiliza nyimbo za zamani zilizosema mambo ya watu. Tulianza na Siti binti Saad na "Kijiti", wimbo wa mauaji ya Unguja ambayo mtuhumiwa alitorokea bara, mashahidi wakafungwa. Tukaja kwa Remmy Ongala na "Mambo kwa Soksi", alipohimiza kondomu wakati Ukimwi ukisemwa kwa kunong'ona. Radio Tanzania haikuupiga, lakini watu waliujua kwa kanda na kwenye madansi.

Uliotugombanisha ni "Ndio Mzee" wa Profesa Jay, wa mwaka 2001. Wengi walisema unamsema mgombea. Wachache tukang'ang'ania kiitikio: anayesemwa zaidi ni umati. Mgombea anamwaga ahadi, kila moja nzito kuliko iliyotangulia, nao wanaitikia tu. Hakuna anayeuliza fedha zitatoka wapi. Ondoa waitikiaji, inabaki hotuba ya kawaida ya jukwaani. (Mwaka 2015 Profesa Jay mwenyewe aliomba kura Mikumi, akapewa ubunge.)

Mheshimiwa, nasi tumetunga wimbo kuhusu mabomba ya shule yasiyotoa maji. Tuliambiwa tuufute ubeti wa pili kwa kuwa unaitaja kamati. Tumeufuta. Leo wimbo utakapofika mahali pake utasikia gitaa na ngoma tu. Hatukutaka kupaziba kwa maneno mengine.

Mwaka 2017 "Wapo" wa Nay wa Mitego ulifungiwa na msanii akakamatwa, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Sisi hatuna wa kutuagizia hivyo. Kwa hiyo tunaomba wimbo wa mwanafunzi usikilizwe wote kabla ya kukatwa, na anayekata akae nasi atuonyeshe palipo na uongo. Pakiwapo, tutarekebisha wenyewe.

Ombi la pili ni spika. Hii unayoisikia ikikoroma tumeiazima kanisani, na inatakiwa irudi kabla ya ibada ya jioni.

Tunaomba kuwasilisha.