KUH: Programu yenu kuharibu picha halisi za mteja wangu, na majibu ya dharau niliyopewa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Najitahidi kuandika kwa adabu, ingawa mhudumu wenu hakuona sababu ya kuwa nayo.

Masharti yenu mnayajua, sina haja ya kuwasomea. Nilinunua leseni kwa kazi moja tu: kupunguza ukubwa wa picha nyingi kwa mkupuo. Nilichagua picha zote za harusi, nikaweka upana wa pikseli 1200, nikateua folda mpya ya kuhifadhia na kutia tiki kwenye "Usibadilishe faili asilia". Programu ikazibadilisha. Folda mpya tupu. Ya zamani imejaa vipicha vya 1200 kwa 800 mahali pa picha za 6000 kwa 4000. Zile za wima zimebanwa kwa kipimo hichohicho, bibi harusi kawa mfupi na mpana kama mtungi. Tarehe na saa za kupigwa zimefutika, hata kuzipanga kwa mfuatano siwezi.

Nilipolalamika, mhudumu alijibu: "Uliomba picha ndogo, umepata picha ndogo." Akafunga mazungumzo.

Na kabla yake, mwenzake alinishauri nizikuze tena hadi 6000! Yaani kampuni ya programu za picha haijui kwamba katika kila pikseli 25 imebaki 1? Ukikuza, programu inabuni tu zilizopotea. Kope za mtu na nyuzi za shela hazirudi kwa kubuniwa.

Narudia lile jibu, maana nahisi hamjalielewa. Nilikuwa nimemtumia picha ya skrini yenye ile tiki. Hakuifungua. Nikawa naandika, "Samahani, naomba uangalie kwanza..." Sikufika mwisho wa sentensi. "Uliomba picha ndogo, umepata picha ndogo," na kikatuni cha tabasamu mbele yake. Dirisha likafungwa usoni pangu, kisha nikaombwa nimpe nyota kwa huduma nzuri.

Nataka fedha yangu ya leseni. Nilipoanza kuandika, hilo lingetosha. Sasa nataka pia fidia ya kazi iliyoharibika, maelezo ya maandishi kutoka kwa mafundi wenu, na onyo kwa watumiaji wote wa toleo hili kabla na wao hawajapoteza picha. Mhudumu huyo aniombe radhi yeye mwenyewe, si ujumbe wa kunakili na kubandika.

Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii inakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji na kwa wakili, na malipo ya mwaka ujao nayazuia benki leo hii, sisubiri hizo siku.

Picha ya skrini naiambatisha tena. Safari hii ifungueni.

Mpiga picha, mwenye leseni yenu kwa sasa