Usimkatize bibi akisimulia Venice

Langoni, Lamu

Shoga yangu Mwanaesha,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, na mama anakusalimu sana.

Barua yako imenichekesha. Ati yule bibi wa Kiitaliano anayekufunza lesi hapo Malindi hakupi sindano mpaka amalize hadithi za Venice! Niko upande wake. Ukalalamika tena kwamba anakufanya ushikize uzi wa mchoro kwenye karatasi, na kazi ikiisha mnavikata vishikizo vyote. Jibu limo katika hadithi hizo hizo unazozikimbia.

Mafundi wa Italia walianza kwa kutoboa kitambaa na kuyazungushia matundu uzi, kama tunavyoshona viua vya kofia. Matundu yakazidi, kitambaa kikapungua, hata karne ya 16 wakakiacha kabisa. Wakawa wanalaza uzi juu ya ngozi iliyochorwa, wanaushikiza, wanajaza mishono katikati, kisha wanakata vishikizo na lesi inabanduka. Kwa hiyo karatasi yako na vile vishikizo ndiyo nguo yenyewe kwa muda. Vikilegea, ua lote linapinda.

Wafaransa nao waliona fedha zao zinaishia Venice kwa kununua lesi. Mwaka 1665 waziri Colbert akaanzisha viwanda vya lesi na kuwavuta mafundi wa huko huko. Wizi wa ufundi si wa leo!

Ila mimi iliyonikaa ni ya Uingereza. John Heathcoat alipobuni mashine ya kufuma wavu wa lesi, hakimiliki ya 1809, watu wakaja kuzivunja mashine zake mwaka 1816. Hata hivyo Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, shela yake ilikuwa na maua yaliyofumwa kwa mkono na wanawake wa Devon, yakashonwa juu ya wavu wa mashine. Na wanawake wa kazi ile wengi walilipwa bidhaa za duka badala ya pesa. Hapo nikaweka kofia chini. Huku nasi kila siku tunailaumu mashine kwa bei ndogo za kofia zetu za mkono. Yule anayenunua kwetu na kwenda kuuza Mombasa hatumuulizi kitu.

Basi muulize bibi yako bei ya lesi ilipangwa na nani, uniandikie. Na kipande chako cha kwanza nitumie, hata kama kimepinda.

Shoga yako,
Zena