Pale kwenye taa usipeleke mbele

Makorora, Tanga

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, goti la mama yako limetulia, na yule paka wako kazaa tena juu ya kabati.

Sikukuu ulipokuja uliniuliza swali mbele ya wageni, nikacheka badala ya kukujibu. Ulinikuta sebuleni naangalia Sholay, ile picha ya Kihindi, ukasema, "Baba, hiyo tena? Si unajua mwisho wake?" Shangazi yako naye akatia lake, kahawa ikamiminwa, mambo yakapita. Ila swali lilinikaa. Kwenye simu siwezi kulijibu, maana kila nikianza unaniambia uko kwenye daladala. Basi tafuta pa kukaa, usome.

Jibu fupi ni kwamba mwisho wake sikuujua. Jibu refu ndilo hili.

Unajua kwamba kabla sijaingia bandarini nilifanya kazi kwenye banda la video la mjomba wangu. Usichokijua ni kazi yenyewe ilikuwaje. Ilikuwa 1990, Bara hakuna kituo cha televisheni hata kimoja (vilianza 1994), kwa hiyo runinga ilikuwa ni ya mikanda tu. Mjomba alikuwa na moja ya inchi 21, imefungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, na deki moja iliyokuja na jahazi kutoka Mombasa. Mabenchi 8, kuta za mabati, mlangoni pazia la gunia. Vibanda umiza mnavyovijua nyinyi ni hoteli ukilinganisha na pale.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda pembeni ya deki. Nasafisha hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, kwa pamba na spiriti, nabadilisha mkanda, na nasikiliza amri za watazamaji: "Rudisha hapo!" au "Peleka mbele!" Mikanda ilikuwa michache, kwa hiyo picha zilijirudia. Sholay tuliionyesha kila Ijumaa baada ya swala na kila Jumapili jioni, miaka karibu minne. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye mhasibu. Na hao waliolipa hawakuwa wageni. Walikuwa walewale, kwenye mabenchi yaleyale, na asubuhi yake walikuwa wameshaisimulia kwenye kahawa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kihindi hatukukijua. Akina Lufufu, wa kutuingizia maneno ya Kiswahili juu ya picha, kwetu walikuwa hawajafika. Lakini ukikaa pale wiki tatu unaanza kuokota: dunia ni dunia, wakati ni wakati, mauti ni mauti. Kiarabu kilipita kwao kikapita na kwetu. Yaliyobaki tuliyajaza wenyewe, na mengine tuliyajaza vibaya. Mzee mmoja aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba Gabbar Singh, yule jambazi mkuu, ni kaka yake Thakur, yule mzee aliyekuwa polisi anayemwinda, tumbo moja, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Sasa, wewe umekulia kwenye filamu za simu, kwa hiyo kuna sheria moja huijui: stelingi hafi. Hiyo ilikuwa sheria ya banda lolote. Stelingi anapigwa, anatupwa mtoni, anafungwa kamba, lakini hafi. Sholay ina stelingi wawili, Veeru na Jai, yaani Dharmendra na Amitabh Bachchan, na Jai anakufa. Mtu aliyekuja mara ya kwanza hakukubali. Alikaa mpaka maandishi yanapanda, akisubiri Jai afufuke, kisha ananidai kiingilio chake kama vile mimi ndiye niliyempiga risasi.

Wale wa mara ya pili walikuwa na yao. Mara ya pili ndipo watu walipoanza kuiangalia sarafu. Kumbuka, wale vijana wawili kila wakishindwa kuamua jambo, Jai anarusha sarafu. Hata kule kwenye treni mwanzoni, wamuokoe yule polisi aliyejeruhiwa au wakimbie zao, sarafu inarushwa. Darajani wakiwa wamezingirwa, nani abaki na nani aondoke, inarushwa tena. Jai anabaki. Akishakufa ndipo Veeru anaiokota na kukuta pande zote mbili ni zilezile. Ukisharudi mwanzo ukiwa unalijua hilo, mwanangu, unaona kwamba tangu treni yule kijana alikuwa ameshaamua, sarafu anaitoa kwa adabu tu, rafiki yake asijione ameamuliwa. Lile tukio la treni mara ya kwanza ni vurugu za farasi na bunduki. Mara ya pili watu walikuwa wananyamaza.

Na ile shali ya Thakur. Sitaki kukuchosha, lakini umewahi kuitazama vizuri? Nusu nzima ya picha mzee yule amejifunika shali, bunduki iko chini miguuni pake, wenzake wanakaribia kuuawa, na haiokoti. Mara ya kwanza banda zima linamtukana. Kisha upepo unaivuta shali, na mikono haipo, Gabbar aliikata. Kuanzia hapo, kila Ijumaa, kuna mtu wa mbele atamgusa mgeni bega na kumnong'oneza, "Mwangalie yule mzee, mwangalie shali." Wengine walilipa shilingi 20 kwa ajili ya kumtazama mgeni, wala si picha.

Nirudi kwenye mwisho. Siku moja aliingia baharia, mtu wa meli, si mwenyeji. Picha ilipofika Thakur anamkanyaga Gabbar kwa vile viatu na polisi wanatokea kumzuia, jamaa akasimama akasema huo mkanda ni wa uongo. Yeye kaiona nje huko. Polisi hawaji. Thakur anamuua Gabbar palepale, kwa miguu yake, viatu vina misumari. Banda likaangua kicheko. Fundi baiskeli wa barabara ya pili akamwambia, "Sisi hii tumeiona mara mia, wewe umeiona mara ngapi?" Mara moja, akasema baharia. Wakawekeana dau la kreti ya soda, na mimi ndiye niliyefanywa hakimu. Nikarudisha mkanda, nikauonyesha tena mwisho, polisi wale pale. Baharia akalipa. Alilipa huku anaapa kwa Mungu kwamba alichokiona kakiona, na kesho yake meli yake ikaondoka.

Alikuwa anasema kweli. Nimekuja kujua miaka mingi baadaye, nywele zimeshaanza kunitoka. Mwongozaji, Ramesh Sippy, aliipiga ile picha Thakur akimuua Gabbar. Lakini ilikuwa 1975, India imetangaziwa hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi ikasema haiwezekani mtu aliyekuwa polisi ajichukulie sheria mkononi, hata kama ni kwa miguu. Wakalazimika kupiga mwisho mwingine, ndio ule wa kwetu. Ule wa kwanza ulikuja kutolewa kwenye mikanda ya video Uingereza mnamo 1990, na bila shaka ndio baharia aliokutana nao. Kwa hiyo mtu aliyeona mara moja aliujua mwisho, na sisi wa mara mia tulikuwa tunajua amri ya bodi. Ndiyo maana uliponiuliza "si unajua mwisho wake" nikacheka. Sikuwa nakucheka wewe.

Kuna na la mama yako, na hili ameniruhusu nikuandikie, ingawa anasema nalitia chumvi.

Mama yako alikuwa anauza mihogo ya kukaanga na kachori nje ya banda letu, upande wa ukuta wa deki. Kuingia ndani hakuingia hata siku moja, babu yako angemvunja miguu. Ila mabati hayazuii sauti. Sholay yote aliijua kwa masikio: treni, farasi, kicheko cha Gabbar, kilio cha Basanti, mpenzi wa Veeru.

Kwenye mkanda wa pili kuna pale ambapo jioni imeingia, Jai amekaa chini anapuliza kinanda cha mdomo, na juu barazani yule mjane, Radha, amevaa nyeupe, anazima taa moja baada ya nyingine. Hakuna anayesema neno. Banda hawakupataka kabisa. "Peleka mbele!" Na mimi nilipeleka. Nilikuwa nazijua namba za kaunta ya deki kwa kichwa. Nabonyeza stopu, skrini inakuwa nyeusi, nakimbiza mkanda, nikiachia tunatua kwa Gabbar bila kukosea hata sekunde tano. Watu walinipigia makofi kwa hilo. Nilijiona fundi.

Jioni moja akapiga bati kwa mwiko. Nikatoka. Akaniuliza, "Ile ya kinanda siku hizi umeitoa?" Nikamweleza kwamba watu hawaitaki. Akasema, "Pale usipeleke mbele. Mimi nahesabia pale. Nikikisikia kile kinanda najua bado muda gani, natia mihogo ya mwisho kwenye mafuta. Sasa wiki mbili hizi watu wanatoka mihogo bado mibichi." Ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza hayo, uwaambie na wanao. Kuanzia Ijumaa iliyofuata sikupeleka mbele. Nilizomewa, nikatupiwa ganda la chungwa, nikavumilia. Mihogo ikaiva.

Haikuchukua muda mjomba akafunga banda, deki akaiuza, mimi akanipa mikanda badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Tulipokwishaoana tukapata deki yetu, ya mkono wa pili, na kitu cha kwanza kuweka kilikuwa Sholay. Mkanda ulikuwa hoi. Pote walipokuwa wanapiga kelele nirudishe, Gabbar na watu wake, Veeru amelewa juu ya tangi la maji, palikuwa chenga tupu, mistari inapanda na kushuka, sauti inapotea. Hedi imepita pale mara nyingi mno, utando umelika. Kisha tukafika kwenye taa, na picha ikawa safi. Safi kama imetoka dukani! Ukibonyeza stopu ndipo ukakimbiza, mkanda unaachana na hedi, hauguswi. Miaka yote niliyoparuka, nilikuwa nimepahifadhi.

Mama yako alikuwa amebeba sinia. Akasimama mlangoni. Kinanda kikalia, Radha akawa anapunguza utambi wa taa ya kwanza, ya pili, mpaka baraza likawa giza. Mama yako akasema, "Kumbe kuna mwanamke." Kisha akasema, "Kumbe anazima taa." Kwa muda wote ule alidhani ni muziki tu, mtu anapumzika anapuliza kinanda.

Nimesoma kwamba vile vipande viwili vifupi vya taa vilichukua siku 20 kupigwa, kwa sababu ya kusubiri mwanga sawasawa. Siku 20! Na mimi navipita kwa sekunde kumi huku napigiwa makofi. Nilipomwambia mama yako, hakushangaa. Alisema mihogo mizuri nayo haitaki haraka.

Sasa nina ombi. Nasikia 2025 wameisafisha picha nzima, wakairudisha na ule mwisho wa kwanza, na kuionyesha Bologna, Italia. Wewe ndiye unayejua mambo ya intaneti. Ikipatikana kihalali, hata kwa kulipia, nipatie. Nataka kumwona Thakur akifanya alichosema baharia kwamba alifanya, kwa macho yangu, kwenye runinga uliyoninunulia. Mama yako hana haja na mwisho, anataka taa tu, na anauliza kama nazo wamezisafisha, maana asingependa ziwe na mwanga mwingi kupita kiasi.

Na ukipita bandarini huko Mwanza ukakutana na mzee wa meli, mtu mrefu, aliyewahi kulipa kreti ya soda Tanga kwa sababu ya Gabbar, mpe namba yangu. Zile soda nami nilikunywa mbili.

Salamu kwa mumeo na watoto. Rudisha lile sinia la mama yako, ameshaliulizia mara tatu.

Baba yako